Watu Watatu kwa Kila Nyumba

Tarehe 6 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Hujambo wewe, na magoti yako hayajambo? Siku hizi inabidi kuyaulizia kivyake, kama wageni. Sisi huku hatujambo. Mke wangu amerudi kazini baada ya likizo ya uzazi, na mtoto ameota jino la kwanza, anamng'ata kila anayemchekea. Narudi kwenye barua kwa sababu simu na sikio lako havipatani. Mara ya mwisho nilikuuliza habari za magoti ukanijibu habari za magodoro, na mke wangu alidhani tunagombana kwa jinsi nilivyopiga kelele.

Je, fleti inakupendeza bado? Niliichagua ghorofa ya tisa kwa ajili ya upepo na mwanga, usije ukasema nilikutupa juu. Kila nikifikiria kwamba unakaa kwenye jengo ambalo lifti zake nilizipigia hesabu mwenyewe, kifua kinanijaa.

Nina habari njema. Mwenye majengo anataka kujenga mengine sita, mapacha kabisa wa hilo lako, na mkuu wetu wa ofisi amesema kazi ya lifti ni yangu tena. Nimesikia moja ya lifti zenu inafanyiwa matengenezo. Hilo ni jambo la kawaida, isikutie wasiwasi.

Nimekutumia viatu vyepesi vya kutembelea. Niambie kama vinakutosha.

Mwanao,
Injinia wako


Tarehe 19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako imenifikia juzi. Ilikaa chini kwenye visanduku mpaka Mama Pacha, jirani yangu wa mlango wa pili, alipopata nafasi ya kuipandisha. Nakuandikia kwa mashine yangu ileile ya ofisini, waliyonipa siku ya kustaafu. Herufi "k" inaruka, kwa hiyo ukiona neno limepungukiwa, jazia mwenyewe.

Nimefurahi kusikia habari za jino. Mbusu mtoto, lakini mbali na mdomo.

Mimi ni mzima. Asubuhi napenda kukaa dirishani. Ng'ambo wamefungua karakana ya kuchomelea vyuma, na yule fundi anapenda kuimba akidhani mashine inamfunika. Mwembamba mmoja anauza magazeti kwenye kona, mvua ikija anajifunika yaleyale anayouza. Jana gari la maji liliharibika katikati ya barabara, na watu walitoka na ndoo kama wameitwa. Nilicheka peke yangu.

Viatu vimenitosha. Ni vizuri sana, bado vinang'aa.

Binti yangu, dada yako mkubwa, amejifungua mtoto wa kike. Anaendelea vizuri.

Hongera kwa hiyo kazi ya majengo sita.

Shangazi


Tarehe 2 Aprili

Shangazi yangu,

Shikamoo tena. Huku baridi imeanza na mtoto ana mafua, lakini anacheka. Mke wangu anakusalimu, anasema utuletee ile sauti yako ya kumtisha mtoto asiyetaka kula.

Shangazi, nimesoma barua yako mara kadhaa. Karakana umeiona dirishani. Muuza magazeti dirishani. Gari la maji dirishani. Viatu vya kutembelea bado vinang'aa. Na jana Dada Mkubwa alinipigia simu kusema mtoto wake anakaribia mwezi wa pili na bibi yake hajaenda kumtazama. Wewe? Wewe uliyekuwa ukisikia mtoto amezaliwa mtaa wa pili unafika kabla ya mkunga?

Alikuuliza ukamwambia una kazi. Kazi gani, shangazi?

Kama ni magoti, tuseme ni magoti, nitafute daktari. Lakini lifti ipo, hata kama ni moja. Niambie ukweli: unashuka au hushuki?

Mwanao


Tarehe 28 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Wote wazima.

Usiniulize tena hilo swali. Mimi ni mtu mzima, nikitaka kukaa nyumbani kwangu nitakaa. Mama Pacha ananiletea mahitaji na simsumbui sana. Mwambie dada yako amlete mtoto akipata nguvu za kupanda.

Mpe mtoto maji ya uvuguvugu.

Shangazi


Tarehe 9 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Mafua yamekwisha. Mtoto sasa anasimama akishika kiti, halafu anatutazama tumpigie makofi.

Sitakuuliza tena. Lakini kuna kitu nilikijua tangu Januari na sikukwambia. Malalamiko ya jengo lenu yalifika ofisini kwetu. Lifti ya kulia imelala inasubiri spea. Ya kushoto inabeba mzigo wa zote mbili, inakwama kila wiki. Nilisoma barua zile nikazifunga kwenye faili, kisha nikakaa nikakuandikia kwamba ni jambo la kawaida.

Nikueleze hesabu ilivyokwenda, upate kuelewa. Lifti zote za jengo huwa za aina moja, kwa hiyo swali huwa ni moja tu: ziwe ngapi? Unaanza na watu. Jengo lina nyumba sitini. Ukiweka watu watatu kwa kila nyumba, unapata watu mia na themanini. Asubuhi, katika ile nusu saa ya msongamano, thuluthi yao wanataka kushuka: watu sitini. Lifti moja inachukua watu sita, na kwenda na kurudi, pamoja na kusimamasimama njiani, inaweza kufanya safari saba. Yaani inashusha watu arobaini na wawili. Moja haitoshi, mbili zinatosha na kubaki. Ndiyo maana ziliwekwa mbili.

Sasa msimamizi wa jengo anasema kila nyumba wanakaa watu sita kwa wastani. Hapo wa kushuka ni mia na ishirini. Mbili haziwatoshi hata zikiwa nzima. Zilitakiwa tatu, na ya nne kwa ajili ya siku ambayo mwenzao mmoja ameugua. Kwa sasa mnayo moja.

Makadirio yalitumia watu watatu. Ndiyo idadi iliyowekwa mezani na ikakubaliwa. Nasikitika sana ilivyotokea.

Mwanao


Tarehe 3 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Nafurahi mtoto anasimama. Mpigieni makofi, wala msichoke.

Barua yako Mama Pacha aliipandisha Jumatatu, akakaa kwenye ngazi ya ghorofa ya saba kupumzika, akaniletea ikiwa imelowa jasho. Nimekaa nayo siku nyingi. Umeniambia ulichonificha, basi na mimi nikwambie changu. Naandika haraka ili nisiichomoe karatasi kwenye mashine.

Ilikuwa mwezi wa kwanza. Nilikuwa nakwenda kliniki kupima presha. Lifti ilipofika kwetu ilikuwa imejaa tayari, lakini yule mwenye bucha, anayekaa ghorofa ya kumi, akajibana akasema, "Mama, ingia tu, hukosi pa kuweka mguu." Nikaingia. Mama Pacha alikuwa ameingia mbele yangu na wanawe, mwalimu wa ghorofa ya kumi alikuwemo, na majirani wengine. Tulipofika kati ya ya tano na ya nne, ikatetemeka, ikasimama. Taa ikazimika.

Mwanzoni tulicheka. Mwenye bucha akasema, "Leo nyama itajiuza yenyewe." Kisha kicheko kikaisha. Hewa ikawa nzito, watoto wakalia. Tuligonga, tukaita. Mlinzi alikuja akatuambia kupitia mlango, "Fundi anakuja, vumilieni." Ile "anakuja" ilianza asubuhi, na tulitoka watoto wa shule wakirudi kula.

Daktari alinipa zile dawa za kutoa maji mwilini. Nilikuwa nimekunywa asubuhi. Mwanangu, nilijikaza. Niliuma kitambaa cha kichwa. Nilihesabu herufi za mashine yangu safu kwa safu. Kisha sikuweza tena.

Kwenye kile kijumba, hakuna mtu ambaye hakujua. Maji yalifika kwenye viatu vyao. Mmoja wa wale pacha akauliza, "Mama, nani amemwaga?" na mama yake akamziba mdomo. Nilitamani sakafu ifunguke inidondoshe mpaka chini. Mtu ambaye alipiga chapa barua za wakurugenzi watano, hakuwahi kuchelewa hata siku moja, amesimama gizani amelowa kama mtoto.

Walipofungua nilipanda ngazi kurudi, ghorofa tano, magoti yakubali yasikubali. Tangu siku hiyo sijaingia kwenye lifti, na ngazi siziwezi tena. Ndiyo kazi niliyomwambia dada yako kwamba ninayo. Mjukuu wangu sijamwona kwa sababu naona aibu kukutana na watu kwenye korido.

Hilo limekwisha. Sasa nina swali. Nimepiga chapa ripoti za wakubwa maisha yangu yote. Wakiandika "ilitumika", "iliwekwa", "ikakubaliwa", huwa kuna mtu amesimama nyuma ya mlango. Watatu kwa nyumba nani aliwaweka? Kwa sababu mtu yeyote aliyelala kwangu asingeweza kuandika tatu.

Shangazi


Tarehe 25 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mtoto ametembea hatua mbili akaanguka, akainuka mwenyewe. Mke wangu hajambo, ila ananiangalia sana siku hizi. Amesoma barua yako. Nilimwomba asome kwa sababu sikuweza kumweleza kwa mdomo.

Barua hii nimeianza mara nyingi nikachana. Aliyewaweka watatu ni mimi.

Miaka minne iliyopita, kwenye kikao cha kupanga jengo lenu, mkuu wetu aliuliza meza nzima, "Nyumba kama hizi, vyumba viwili na sebule, hukaa watu wangapi?" Wenzangu wengi wamekulia kwenye nyumba zenye bustani. Akanigeukia mimi. "Wewe umekulia kwenye mji uleule. Kwenu mlikuwa wangapi?"

Ujue kwamba nilipoajiriwa, wakati wa chakula cha mchana, walikuwa wakisimulia utoto wao. Nami nikasimulia. Nilisema nilikuwa na chumba changu mwenyewe, na meza dirishani. Lilinitoka tu, likapendeza, nikaliacha likae. Kwa hiyo siku ya kikao, mkuu aliponiuliza, kila mtu mezani alikuwa ameshanipa kile chumba. Nikasema, "Tulikuwa watatu. Baba, mama na mimi."

Mkuu akaandika tatu. Hakuuliza tena. Jengo lenu, mashimo ya lifti, nyumba zote sitini, zimesimama juu ya ile familia ya watu watatu ambayo haijawahi kuwepo. Baba alikufa nikiwa na miaka minne. Mama alipoolewa tena aliniacha mlangoni kwako na mfuko wa nguo. Nawe hukuuliza nitalala wapi, uliniambia ninawe mikono, chakula kiko tayari.

Nilipowaambia "baba, mama na mimi", shangazi, nilikutoa kwenye nyumba yako mwenyewe. Nilimtoa mjomba, mume wako, nikawatoa na watoto wako watano. Siku ile sikuona kama ni jambo kubwa. Nilikuwa nashukuru tu kwamba hakuna aliyecheka.

Wiki iliyopita kilikuwa kikao cha yale majengo sita. Mkuu akasema, "Hesabu ya lifti tunayo, tunakili tu. Mbili kwa kila jengo. Kuna la kuongeza?" Nikasema, "Mkuu, ile familia ya watu watatu haikuwepo."

"Familia gani?"

"Yangu. Tulikuwa wanane. Vyumba viwili, bila sebule. Aliyenilea ni shangazi yangu."

Kuna mtu alikohoa, mwingine akacheka kidogo halafu akajifanya anatafuta kalamu. Mkuu alivua miwani. "Wanane? Ulikuwa unaona aibu ya nini?" Hakuuliza kwa ukali, ndiyo maana iliniuma zaidi. Nikawaeleza tu hesabu upya, na jinsi lifti moja ilivyokwama na watu ndani tangu asubuhi mpaka mchana. Sikusema nani alikuwemo. Hilo ni lako.

Mambo yameishia hivi. Majengo mapya yatapata lifti tatu kila moja, na shimo la nne litaachwa wazi. Kwa jengo lenu, fundi wa spea ametumwa kwa haraka, na wanapima ukuta wa nyuma kuona kama lifti ya nje inaweza kuegemezwa hapo. Sikuahidi, maana wanaweza wakaona haiwezekani. Mimi nimeondolewa kwenye uongozi wa kazi. Kijana niliyemfundisha mwenyewe ndiye aliyepewa. Na mkuu ameniagiza nije kwenye jengo lenu nigonge kila mlango, niulize watu wangapi wanalala humo ndani. Adhabu imenifaa. Nitakuja mwezi wa nane.

Sijui kama nitaweza kugonga mlango wako. Nikubalie au nikatalie, nitaelewa.

Mwanao, kama bado nina ruhusa


Tarehe 21 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Mtoto akianguka mwacheni ainuke mwenyewe, mnafanya vizuri.

Fundi wa lifti alikuja, akakaa siku nne. Ya kulia inakwenda tena. Mama Pacha alikuja kunigongea Jumamosi asubuhi, amevaa vizuri, akasema, "Leo twende tukamwone mjukuu." Nikamwambia sina nguo. Akafungua kabati langu mwenyewe, akatoa gauni, akalitandika kitandani, akasimama pale mpaka nikavaa.

Mlango wa lifti ulipofunguka, mwenye bucha alikuwa ndani. Nilirudi nyuma hatua moja. Yeye akashikilia mlango kwa mguu, akasema, "Mama, ulikuwa umesafiri? Muda mrefu hatujakuona." Akaniuliza kama presha imetulia. Ghorofa ya nane akaingia mwanamke mwingine aliyekuwa nasi siku ile, akanisalimia, akanilaumu kwamba sijamrudishia sindano ya kushonea. Tukashuka mpaka chini wakibishana bei ya mafuta. Miezi yote hii nilidhani jengo zima linanisimulia. Mwanangu, hakuna aliyesema neno. Hata wale pacha. Walinitunzia lile jambo kila mmoja kwake, na mimi nilikuwa juu nawaogopa.

Mjukuu ana paji lako la uso. Nimemshika mpaka mikono ikafa ganzi.

Kwa hiyo lifti tumemaliza. Ulikosea hesabu, umesema mbele ya watu, umelipa. Sitakukumbusha tena.

Lakini kile chumba bado kinanichoma, na sitakudanganya kwamba nimekipita. Nilipofika kwa dada yako nilimsomea barua yako. Aliinuka akaenda kufua nguo zilizokuwa safi. Aliporudi akaniambia, "Mama, lakini chumba alikuwa nacho." Nikamuuliza chumba gani. Akasema, "Ile kona nyuma ya pazia, karibu na dirisha. Ulipoona anasoma sana ulimpa yeye peke yake. Sisi tulilala watano kwenye godoro moja, kichwa na miguu, ili asikanyagwe."

Nilikuwa nimesahau. Yeye hajasahau. Na meza nayo ulikuwa nayo, mjomba wako aliitengeneza kwa mlango wa kabati. Kwa hiyo hukuwadanganya wenzako kuhusu chumba. Uliwadanganya kuhusu walioondoka humo ili uingie wewe.

Sina hasira ya kukufukuza. Nina aibu, na sielewi ni ya nani, yako au yangu. Labda nilikulea nikitazama sana vitabu vyako na nikasahau kukutazama uso wakati wageni wanaingia nyumbani. Labda uliona nikiwaficha godoro wageni wakija, ukajifunza hapo. Nimelala nalo usiku mwingi.

Njoo. Gonga milango yote sitini, na wangu pia. Usilete zawadi, na usimlete mtoto safari hii, mlete ijayo. Nimewaita dada zako na kaka zako wote waje siku hiyo. Wameshaisikia barua, kwa hiyo hakuna la kuficha. Hawatakuuliza kitu, nimewakataza. Chai itakuwepo. Ukishakaa, weka kalamu chini, na atakayeanza kusema ni wewe.

Shangazi yako